Mwezi Mzuri wa Kumkaribisha Mama

Mtaalamu wa kizungu niliyekuwa nikimpikia katika mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang, alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja kwa kila mtu, kisha kufanya lile aliloamua tangu mwanzo. Kwa hiyo aliposema kwamba mama yake anataka kuja kumtembelea, na kwamba anatafuta mwezi mzuri kuliko yote wa kumleta, nilijua tutaulizwa wote, tutajibu wote, na hakuna atakayesikilizwa.

Dereva alisema Septemba. Yeye ndiye angetumwa Arusha kumpokea mgeni, na alikuwa amechoka kulala njiani msimu wa mvua, gari likiwa limezama kwenye udongo mweusi wa mbugani. Katekista alisema Krismasi, maana wageni wa kutoka mbali huwa na mkono mwepesi wakati wa sadaka. Mfugaji mmoja wa Dirma, aliyekuwa akituletea maziwa na ambaye hakuwahi kuisamehe ngano kwa kukalia malisho ya ng'ombe wake, alisema Aprili, majani yakiwa mabichi na maziwa yakiwa mengi. Halafu akalitazama shamba, akaongeza, "Au aje mwaka ambao hamjapanda. Hapo ataiona nchi." Mtaalamu alicheka sana. Mfugaji hakucheka.

Mimi nilisema Februari. Nilimweleza habari za jua, na anga safi, na mlima unavyoonekana wote mpaka kileleni. Sikumweleza kwamba Februari ndiyo likizo yangu.

Aliyesema Julai alikuwa mama yangu mzazi. Kila mwaka, kwao Endasak wakishamaliza kuvuna maharage, alikuwa anateremka kuja kukaa nami kwenye kota za wafanyakazi, na kila siku aliingia shambani nyuma ya kombaini kuokota masuke yaliyodondoka. "Aje Julai," alisema, "chakula kikiwa ndani. Ukimleta mgeni Februari utampa nini ale? Jua?" Kwetu mgeni kukuta chungu kitupu ni aibu, na aibu hiyo hubaki kijijini muda mrefu baada ya mgeni mwenyewe kwenda zake. Mama alisema kwa sauti ya mtu ambaye haoni kwa nini jambo dogo namna hiyo liitishiwe baraza.

Mtaalamu aliupenda mwezi wa Julai papo hapo. Nilishangaa kidogo. Julai ni mavuno. Wakati wa mavuno yule bwana alikuwa akirudi gizani, anakula amesimama, na akilala hata ng'ombe wangeingia chumbani asingesikia. Lakini mimi nilikuwa mpishi tu, na wazungu wana yao, nikarudi kwenye sufuria zangu.

Basi Julai iliyofuata mama yake akaja. Kwao, alivyosema mwenyewe baadaye, miezi ya baridi theluji hufika madirishani, na safari hii alikuwa ameamua kuisahau theluji yake na kuja kuota jua la Afrika. Akateremka kwenye Landrova amevaa gauni jepesi la maua, kofia pana ya majani, na miwani myeusi. Tatizo ni kwamba Julai kwetu ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa uwandani mpaka watu wamekwisha kunywa chai ya pili, na upepo wake huingia mpaka kwenye mifupa. Miwani ilimsaidia tu asituone tunavyotetemeka. Alimgeukia mwanawe akasema kwa Kiingereza, "Umenialika Afrika au umenirudisha nyumbani?"

Mama yangu hakuelewa maneno, lakini alielewa meno yaliyokuwa yakigongana. Alivua blanketi lake la mabegani, akamfunga mgeni mpaka shingoni, akamvuta moja kwa moja jikoni kwangu kwenye moto. Toka siku hiyo blanketi lile halikurudi, na bibi yule hakwenda sebuleni ila kwa kulala. Mimi, kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikawa mkalimani wa wazee wawili waliofanana kwa ukaidi tu.

Mwanawe alikuwa amemfundisha neno moja la Kiswahili, kwamba ukiambiwa shikamoo jibu marahaba. Akaliona zuri, akalitumia kwa kila kitu. Dereva akisema, "Karibu, bibi," marahaba. Mfugaji akisema, "Pole na baridi," marahaba. Katekista alimwambia kwa urefu habari za bati la kanisa, na lenyewe likapata marahaba yake. Katekista aliondoka hajui kama ameahidiwa au amenyimwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Mwanawe alikuwa akiondoka asubuhi baada ya kumbusu shavuni, na bibi anabaki na ukungu. Siku ya tatu alimwona mama yangu anafunga khanga kiunoni kwenda kuokota masuke, akasimama, akajifunga taulo la jikoni, akamfuata.

Kuokota masuke kulikuwa kumekatazwa, kisha kukaruhusiwa, kisha kukakatazwa, kutegemea meneja ameamkaje. Siku hiyo kulikuwa kumekatazwa. Mlinzi alitoka mbio na fimbo yake kuwafukuza akina mama, wakatawanyika wote isipokuwa wawili. Mmoja alikuwa mama yangu. Wa pili alikuwa mama wa mtaalamu, ameinama kwenye mabua, taulo limejaa ngano. Mlinzi alisimama. Fimbo ilikuwa juu bado, nayo haikujua ishuke wapi. Mwishowe aliiweka chini akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bibi, akaendelea kuokota.

Kuanzia hapo mama yangu hakukanyaga shamba bila yeye. Wanawake wengine wakajifunza haraka, na kila asubuhi utaona kundi zima limesimama nje ya mlango wangu kumsubiri mgeni aamke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule kota nzima ilipona.

Jioni moja tulikuwa watatu jikoni tunapeta ngano ya siku hiyo. Mama yangu, kwa majivuno ya mtu ambaye shamba si lake, akaniambia nimuulize mgeni kama maishani mwake amewahi kuona ngano nyingi kama hii. Nikauliza. Bibi alizichezea punje kiganjani kwa muda.

"Nimezaliwa kwenye ngano," akasema. "Nimeolewa kwenye ngano. Mume wangu tumemzika mahali ambapo ukisimama unaona ngano pande zote nne. Ngano naijua, binti. Nilikuja kumwona mwanangu."

Halafu akatoa yote. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa limekodishwa kwa jirani. Jirani anataka kulinunua, na yeye miguu haiwezi tena. Lakini asingeuza mpaka mwanawe, ambaye ndiye mtoto pekee, amwambie uso kwa uso kama atarudi kulilima au harudi. Kwa barua alikuwa akiulizwa habari ya shamba anajibu habari ya mvua. Kwa hiyo mama amevuka bahari kufuata jibu moja. Na kila jioni akifungua mdomo, mwanawe anasema, "Kesho, mama," na kesho ni mavuno tena. Siku zake za kukaa zilikuwa zinakwisha.

"Mtoto aliyelelewa kwenye shamba la ngano," akasema, "hawezi kusahau mavuno ni lini. Ameuchagua mwezi huu makusudi."

Nilipomaliza kutafsiri, mama yangu aliweka ungo chini. "Kumbe!" akasema. "Ametuzunguka." Alikasirika kweli. Julai ilikuwa ushauri wake, ameutoa kwa moyo safi, na mtu ameuchukua kuutumia kumkimbia mama yake mzazi. Kwa mama yangu dhambi nyingine zina ngazi zake, ila hii iko juu peke yake.

Bibi akaniuliza, "Huku kwenu kombaini husimamishwa na nini?"

"Kuharibika," nikasema. "Na maji. Hata umande tu wa asubuhi lazima ukauke kwanza. Ngano mbichi haivunwi."

"Najua. Na mvua je?"

"Julai hakuna mvua, bibi."

Mama akataka kujua tunasema nini. Nikamwambia, na nilipoona jinsi alivyotulia nikajua nimekosea kumwambia. Kwetu mvua inaombwa na akina mama. Ikichelewa msimu wa kupanda wanatoka pamoja na kuiomba kwa sauti, na mama yangu alikuwa miongoni mwa wale wanaosukumwa mbele kwa sababu, watu walisema, akiomba yeye husikika. Lakini hiyo ni wakati wa kupanda. Kuomba mvua mavuno yakiwa nje, mahindi ya watu juani na ngano ya serikali shambani, hakuna mwanamke mwenye akili aliyewahi kufanya.

"Mama, usithubutu," nikasema.

"Nimesema kitu?"

Akajifuta mikono. Akamshika mgeni mikono yote miwili, akafumba macho, akaomba kwa lugha yetu, polepole, kama anayemweleza jirani shida yake. Bibi hakujua neno hata moja, lakini alikuwa ameinamisha kichwa. Mwisho wote wawili walisema amina, na hiyo haikuhitaji mkalimani. Nilienda kulala na hasira, na chini ya hasira, lazima niseme, nilikuwa na hamu ya kuona.

Asubuhi ukungu haukupanda. Kombaini zilisubiri, madereva wake wamejikunyata pembeni wakivuta sigara. Ikafika saa ya umande kukauka, haukukauka. Yakaanza manyunyu. Kisha mlima ukapotea kabisa na mvua ikaja, mvua ya kweli, yenye sauti juu ya bati.

"Mama!" nikapiga kelele. "Ngano yako!"

Masuke yake ya wiki nzima yalikuwa nje kwenye turubai. Tulikimbia watatu, tukaliburuta turubai mpaka barazani, tumelowa kama sisi ndio tuliopandwa. Mama alisimama akiyatazama yale masuke yanayochuruzika maji. "Nilisahau kumwambia Mungu aanzie upande ule," akasema. Bibi alipotafsiriwa maneno hayo aliegemea ukuta akacheka mpaka akakaa chini.

Kambi nzima ilikuwa ikiilaani mvua ile. Mtaalamu aliingia, akazunguka sebule, akatazama dirishani. "Mvua Julai!" akasema. "Haijawahi kutokea." Akazunguka tena. Kisha akatangaza kwamba anakwenda karakana kuangalia mitambo, akaniuliza viatu vyake vya mvua viko wapi. Nikasema sijui, na nilikuwa sijui. Nilijua baadaye kidogo, nilipomwona mama yangu amekalia gunia la ngano lililovimba mahali pasipostahili, amenyoosha uso kama yuko kanisani.

Bila viatu hakwenda. Akakaa. Mama yake akakaa mbele yake na blanketi letu mabegani. Sisi tulikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, na mama ananifinya mkono nimtafsirie kwa kunong'ona.

Bibi aliuliza swali lake mara moja tu, bila kupaza sauti. Mwanawe akaanza na habari za mbegu. Akaenda kwenye vipuri visivyofika. Akasema juu ya mkataba. Mama yake hakumkatiza wala hakumsaidia. Alingoja, akimtazama alivyokonda, na mvua ikaendelea, na maneno ya yule bwana yakaanza kupungua yenyewe. Mwisho yakaisha. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa khanga ili asicheke.

"Sitarudi, mama," akasema. "Uza."

Nikatafsiri. Khanga ikashuka mdomoni. Mama hakuwa akicheka tena, akaniachia mkono.

Kule sebuleni mtu mzima yule alikuwa ameinama, ameweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake, mabega yanatikisika. Bibi alimwekea mkono kichwani akauacha hapo. Mimi nilikuwa na sababu zote za kuondoka pale mlangoni na sikuondoka.

Baadaye bibi alikuja jikoni. Alisimama kwenye moto, akanyoosha mikono juu yake, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena. Alisikiliza bati kwa muda, kisha akanigeukia.

"Mwambie mama yako imetosha," akasema. "Watu wana ngano nje."