Koo la Mama Mkwe

Miaka ya tisini daktari mmoja mzee kutoka ng'ambo alikuja hospitali yetu kutufundisha kutumia skopu, ule mpira mrefu mweusi wenye taa nchani unaoshushwa kooni. Kazi haikukosekana. Watu walitoka Ndanai, wakatoka Siongiroi, wamekonda, saratani imewaziba koo. Mwalimu alituambia tusianze na skopu, tuanze na swali: unakula nini? Mgonjwa akikwambia ugali, shukuru Mungu. Akikwambia maziwa tu, vaa glavu.

Basi mimi, fundi wa maswali, nilikuwa nikienda kwa wakwe zangu Kabianga kila mara, na sikuwahi kumuuliza mama mkwe anakula nini. Ningeanzia wapi? Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala yeye hali mbele yako. Chakula changu kililetwa sebuleni, chake kilibaki jikoni. Alikuwa mtu wa kanisa sana, lakini hilo hata kanisa halikumwondolea. Mke wangu alipomleta hospitalini, hata mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yalikuwa yakirudi na kumwagikia kifuani. Nilimgombeza mke wangu pale koridoni, bure tu. Akanijibu, "Alisema ni uzee."

Mwalimu alikuwa amesharudi kwao, na wenzangu niliosoma nao wamehamishwa. Nimebaki mimi tu wa kushika skopu. Mama akakataa. Hakuniambia mimi, alimwambia nesi, nami nimesimama pale pale. "Mwambie mkwe wangu hawezi kunifungua mdomo. Heri nife na heshima yangu."

Nikamwambia nesi amjibu kwamba heshima haimezwi. Ulimi hauna mfupa. Ilikuwa hasira, na chini ya hasira woga mtupu.

Mke wangu alipiga magoti, akalia mpaka mama akasema sawa, lakini afunikwe macho. Nesi akamfunga leso usoni, akamdunga sindano ya usingizi. Nikampitishia mrija wa plastiki pale saratani ilipoziba. Mrija ule hauponyi. Unafungua njia ya chakula, basi, na nilijua hivyo nikiusukuma.

Mwalimu alikuwa amesisitiza: usimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani kabla hujamwona kwa macho yako akimeza. Mama alipozinduka, nesi akampa kikombe cha maji. Akakishika, hanywi, anatazama ukuta. Nikaelewa. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Nikaogopa huenda nimemtoboa koo. Kisha nikamsikia mke wangu akicheka na kulia pamoja.

Mke wangu aliniambia mama alikula ugali, akala na mayai, mpaka mvua ndefu zilipokwisha. Halafu koo likaziba tena, na safari hiyo hakukuwa na la kufanya. Tulimzika kando ya shamba lake la majani chai.

Siku hizi nafundisha vijana skopu, na nawaambia lile lile la kuona kwa macho. Mama mkwe wangu namjua kuanzia meno hadi tumboni. Akila, sikuwahi kumwona.