Kishimo Nilichokiziba

Nasimulia huku nimejifunika uso. Mzee Mkude ananifundisha kutengeneza fimbo za gofu kibandani kwake, Mwembesongo, kama marehemu fundi wake alivyomfundisha yeye. Wiki iliyopita alipokwenda kuzika ndugu huko Matombo, niliona fimbo aliyorithi kwa fundi huyo ina kishimo kwenye mpini. Nikataka kumfurahisha. Nikakiziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikajisifu peke yangu.

Aliporudi nikamkabidhi. “Shikamoo, Mzee. Nimeitengeneza!”

Akapapasa mpini. “Marahaba. Kishimo kiko wapi?”

“Nimekiziba!”

Akapapasa tena pale. “Fundi wangu alikuwa akiweka kidole gumba hapo. Na mimi nikaweka hapo hapo. Ndiyo maana palibonyea.”

Machozi yakanilenga. Akakishika kidole gumba changu, akakibonyeza pale palipong'aa.

“Basi anza wewe, mwanangu. Inachukua miaka.”