Kitanda cha Fundi

Siku mbili juu ya lori la mbao, kutoka Ilomba, Mbeya, mpaka Mufindi. Nakwambia mapema, kwa sababu watu wa rika langu wakikaa pamoja wanapenda kusifia enzi zile, na mimi nikiwasikia nakunja ndita. Tulikaa juu ya mbao za mninga, bibi, mama na mimi. Baba alikaa mbele na dereva, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa. Igawa tulinyeshewa. Makambako lori lilizama kwenye tope, tukashuka kusukuma, na bibi naye akasukuma. Tulipofika, baridi imetuingia mpaka kwenye mifupa, mzungu mwenye shamba la chai alitoka nje akaenda moja kwa moja kuzikagua mbao, akizipapasa mojamoja, kana kwamba zimekuja zenyewe.

Alitaka kujengewa mashua ya matanga. Ya kusafiria miezi mingi, watu wakila na kulala humohumo. Huko milimani, ambako maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya bwawa la shamba! Baba alikuwa fundi wa nyumba na makabati. Bahari hakuwahi kuiona. Lakini Bwana, ndivyo sote tulivyomwita, alimwahidi jambo moja: siku mashua itakapoondoka, fundi ataondoka nayo, na kitanda chake kitakuwa mbele kabisa, pale mbavu mbili za mashua zinapokutana. Tangu siku ile baba alianza kuuliza kila mgeni kama maji ya bahari kweli yana chumvi.

Michoro ya karatasi hakuiamini. Hata nyumba aliichora kwanza chini kwa majivu, wenyewe waingie watembee. Basi akaichora mashua nzima kwenye sakafu ya banda tulilopewa: vitanda viwili kila upande, meza katikati, jiko karibu na ngazi ili joto litoke, choo chembamba kama kabati. Tukahamia ndani ya mistari, ruhusa ya kukanyaga majivu hakuna.

"Nyumba gani hii," bibi aliuliza, "mtu akigeuka anamsalimia mwenzake kwa makalio?"

Baba alicheka, akasogeza meza vidole vinne. Siku zile nilizipenda. Mlio wa randa, mashua yenyewe ikiinuka ubao kwa ubao nje, viazi tulivyochoma kwenye moto wa maranda, ukungu uliosimama mlangoni mpaka saa nne. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba nilizipenda.

Shida ni kwamba bahari haitulii. Baba akatengeneza jukwaa, akaliweka juu ya gogo la mviringo, akapandisha jiko la mafuta ya taa na kabati lake, kisha akawa analiyumbisha kwa mguu huku mama anapika. Mama aliteleza kila mara. Ndipo baba alipomfunga mkanda wa ngozi nyuma ya kiuno, ncha zote mbili zimepigiliwa kwenye kabati la jiko, ili mikono ibaki huru. Mkanda ulifaa. Mama alisonga ugali jukwaa likiyumba, na tukaula.

Bwana alipouona mchezo ule, Jumapili akaleta wageni. Wakaketi na chupa zao za bia.

"Mama, pika!" akasema.

Mgeni mmoja akapanda ukingoni mwa jukwaa, akakanyaga kwa miguu yote miwili. Wakacheka. Akakanyaga tena, na sufuria ya maji ya moto ikaja. Mama aliiona inakuja. Angeruka pembeni, lakini mkanda ulimshika palepale, akaungua mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Baba alimfungua. Bibi akakimbilia asali. Na Bwana, naapa, akatoa penseli mfukoni akaandika kwenye mchoro wake.

"Umeona, fundi? Mkanda ufunguke kwa mkono mmoja. Vizuri tumejua sasa."

"Ndiyo, Bwana," baba akajibu.

Asubuhi alikuwa kazini, anatengeneza kifungo kipya cha mkanda. Mama akasimama mlangoni, mkono umefungwa kitambaa.

"Baba watoto, tuondoke."

"Kazi imebaki kidogo tu. Na kitanda changu nimeshakimaliza, njoo ukione."

"Nimeshaona ya kutosha humo," mama akasema.

Tulikaa mpaka mvua nyingine zikapita. Siku mashua ilipopakiwa kwenye tela kwenda pwani, baba alivaa viatu, akashika kifurushi chake.

"Unakwenda wapi, fundi?"

"Kitandani kwangu, Bwana."

Bwana alicheka, na hakikuwa kicheko cha dharau. Alikuwa amesahau kabisa. Mabaharia alishawaajiri hukohuko pwani, na pale mbele pamejaa mifuko ya matanga. "Lakini panda," akasema, "uifunge mifuko isicheze njiani."

Baba akapanda. Alikaa mle muda mrefu kuliko kazi ya kufunga kamba. Aliposhuka, Bwana aliivuta kila kamba, akaridhika. Hilo sijalimeza mpaka leo. Angeacha fundo moja tu limelegea!

Siku hizi nasikia banda halipo, na bibi tulimzika zamani. Mimi nimekaa miji mingi bila kukaa popote. Mafinga, njia panda ya Mufindi, nimepita kwa basi mara nyingi, sijawahi kushuka.

Siku ileile mashua ilipoondoka, mama alikuwa amefunga mizigo tangu alfajiri, na lori la mbao lilikuwa linarudi Mbeya. Akapanda bibi, nikapanda mimi, kisha mama, akijivuta kwa mkono mmoja. Baba akasema yeye anabaki kidogo, kwani Bwana amesema huenda akamwita, ataleta barua.

"Barua," mama akasema, akatazama pembeni.

Dereva alikuwa anasubiri tuagane. Baba akanyoosha mkono kutoka chini anishike mguu. Nikauvuta mguu juu. Nikagonga paa la kichwa cha lori mara mbili, kama utingo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Twende!"