Niliandika Mishamo

Mkuu wa chuo aliniita ofisini siku tatu kabla hatujafunga, akanionyesha kiti. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana kwa miaka miwili sikuwahi kumwona mwanafunzi akikaa mbele ya meza ile. Alikuwa ameshika fomu yangu ya kuomba kupangiwa kazi ya ualimu, nakala tatu, nilizojaza kwa herufi kubwa bila kufuta hata mahali pamoja.

"Hesabu umefaulu kuliko wote," alisema. "Hata wavulana umewaacha. Sasa hapa, unakotoka, umeandika nini?"

"Mishamo, mwalimu."

"Naona. Ndiyo maana nimekuita."

Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, serikali inapunguza wafanyakazi, na walimu wenyeji kabisa walikuwa wanakaa kwao kusubiri barua. Alinieleza taratibu kwamba fomu ya mtu wa makazi ya wakimbizi ingewekwa chini ya nyingine zote mpaka iliwe na mchwa. Kisha akatoa fomu nyingine kwenye droo, nakala tatu tupu, akazisogeza upande wangu.

"Kiha unakijua?"

Nilikijua. Kiha na Kirundi chetu ni kama watoto wa tumbo moja. Ukikaa na Waha wiki mbili, hakuna wa kukushtukia.

"Basi andika Kasulu. Wengi wameandika Kasulu. Mimi sitauliza."

Nilichukua kalamu. Mama alivuka mpaka akiwa na mimba yangu, na nilikuwa na miaka mitano tulipopandishwa malori kupelekwa kwenye pori ambalo baadaye tuliliita kijiji. Kijiji chetu kilipewa namba kabla ya kupewa jina. Nilimwona baba yangu, data kama tunavyosema sisi, akikata miombo kuanzia alfajiri mpaka viganja vikawa kama gome. Nilijifunza kuhesabu kwa visiki vyake. Sasa niandike kwamba visiki vile sivijui?

Niliandika MISHAMO, WILAYA YA MPANDA. Nikaandika hivyo hivyo kwenye nakala zote tatu.

Mkuu alisoma, akavua miwani. "Una kiburi, binti."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikaiweka kalamu mezani, nikatoka.

Njiani kurudi nililala Tabora kwa kaka yangu. Alikuwa karani wa ghala la tumbaku, na kule kila mtu alimjua kama Mha wa Kasulu. Hata mke wake. Kabla hatujaingia ndani alinishika mkono. "Humu wewe ni mdogo wangu kutoka Kasulu. Umenielewa?" Nilichukua mfuko wangu nikaingia, naye akadhani nimekubali.

Tulipokuwa tunakula, wifi yangu, mwanamke mcheshi, akaniongezea maharage na kuniuliza, "Eti wifi, huko Kasulu mvua zimeanza?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameinamia sahani yake.

"Sijui, wifi," nikasema. "Kasulu sijawahi kufika."

Kaka alicheka kwa sauti kubwa, akasema mimi tangu utoto ni mtu wa utani. Wifi naye akacheka, akaenda kuleta maji. Asubuhi kaka alinisindikiza stesheni. Treni ilipokaribia kuondoka ndipo akasema, "Mimi nilichagua kula. Wewe umechagua nini?"

Treni ikaondoka. Katika mambo yote niliyoyafanya wakati ule, lile la mezani ndilo pekee ninalolijutia, na hata hilo nalijutia nusu. Miaka mingi baadaye wifi aliniambia kwamba ukweli aliujua hata kabla ya ndoa. Alikuwa anasubiri mume wake amwambie mwenyewe.

Nilishuka Mpanda, nikapata lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, nikakaa juu na akina mama wengine wawili. Kwenye geti la makazi askari aliangalia kibali changu cha kutoka makazini, kisha cheti changu cha chuo, kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu mzima unarudi huku?" Nikamwambia ndiyo, mwalimu mzima.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa data. Nilidhani atafurahi. Nilimkuta shambani anapalilia, nikamsimulia yote palepale, fomu na Kasulu na jibu langu, nikitegemea atanishika bega. Alisimamisha jembe.

"Nilikata miti hii ili wewe uondoke," alisema. "Sikuikata ili urudi kuhesabu visiki."

"Data, hapa ni nyumbani."

"Hapa ni mahali tulipowekwa. Nyumbani ni kule ulikotolewa ukiwa tumboni."

"Kule mimi sikukuona."

"Basi huna kwenu."

"Ninako. Nimepaandika mara tatu."

Alirudi kulima. Msimu ule mzima alinisemesha kupitia kwa mama tu: mwambie binti yako alete maji, mwambie binti yako kuku wameingia kwenye mtama. Mama alifikisha ujumbe huku mimi nimesimama pale pale ninasikia.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji hakuuliza maswali mengi. Alikuwa na darasa la saba lenye watoto zaidi ya themanini na hakuna wa kuwafundisha hesabu. "Utaanza lini?" Nikamwambia kesho. Posho ya mwalimu wa makazi ilikuwa ndogo, ikichelewa tulikula mihogo, na mihogo hiyo hiyo niliikata vipande mbele ya darasa kufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo. Watu walinicheka. Wenzangu wa chuo waliopata kazi mjini walituma salamu za kunionea huruma. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba nimerogwa. Mimi kila asubuhi nilipiga pasi gauni langu, nikapanda baiskeli, nikaenda.

Halafu ukafika wakati wa kuwaandikisha watoto kwa mtihani wa kumaliza shule. Mama mmoja mjane alinifuata darasani, mkono wake umemshika bintiye, mmoja wa wanafunzi wangu wazuri.

"Mwalimu, huyu mwandikie Uvinza. Wa makazi hachaguliwi sekondari, na kule nina ndugu. Nakuomba."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumpa hotuba nzima. Nikamgeukia binti. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Mimi nataka shule tu, mwalimu."

Nikavuta fomu, nikaandika Uvinza, kwa mkono huu huu. Kiburi changu kilikuwa mali yangu, nilikilipia mwenyewe. Sikuwa na haki ya kukilipia kwa mtoto wa mwenzangu. Atakayesema nilijipinga na aseme, alikuwa hayupo darasani siku ile. Binti alichaguliwa sekondari, na mpaka leo akija likizo hunisalimia kwanza mimi kabla ya kufika kwa mama yake.

Fomu yangu haikujibiwa kamwe. Nilifundisha kama mwalimu wa makazi kwa miaka mingi, na uraia ulipokuja kutolewa nilikuwa tayari nimefundisha watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza. Niliyemtaka abadilike hakubadilika. Wageni walipokuja nyumbani data aliwaambia, mimi nikisikia, "Binti yangu huyu angekuwa mtu mkubwa mjini." Sikumnyamazisha. Nilimwekea chakula, nikaenda kusahihisha madaftari.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji. Akausukuma mkono wangu kidogo.

"Hata leo hujutii?"

"Hata leo, data."

"Mkaidi."

"Nimerithi."

Hakutabasamu. Alisema uji umepoa. Nikauchukua, nikaupasha moto upya, akanywa wote. Kisha nikafuta mikono, nikachukua chaki zangu mezani, maana darasa la sita walikuwa na hesabu saa nane na walikuwa hawajaielewa bado sehemu ya kugawanya.