Jina Langu Kwenye Kaburi la Mume wa Mtu

Jina langu limechongwa kwenye kaburi la mume wa mtu.

Sijafa. Nipo hapa nakunywa chai. Na aliyelichonga ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu.

Kaeni niwaambie, maana huko mtaani mnasimuliwa nusu.

Mimi nachonga mawe ya makaburi. Kazi nimerithi kwa marehemu baba, kwenye kamji kadogo kaskazini mashariki mwa Lithuania. Huku kwetu jina la mwanamke lina mkia, na mkia huo hautunzi siri. Baba alikuwa Girdvainis. Mama alipoolewa naye akawa Girdvainienė. Mimi binti yao nikawa Girdvainytė, mpaka atokee mwanaume wa kunibadilishia.

Hakutokea.

Majirani zetu Wapoland wana mikia yao, Warusi wana yao, hata makaburi ya kale ya Wajerumani kule pembeni yana ya kwao. Yote nimeichonga. Lakini huu wa kwetu ndio unaoniuma, maana mimi ndiye ninayeitwa nao.

Nina miaka arobaini na saba. Nesi akiita zahanati, "Girdvainytė!", watu wanageuka kutafuta msichana. Naibuka mimi na magoti yangu mabovu.

"Eh, Zenona, bado tu?" Kuna mtu lazima aulize. Wanacheka, na mimi nacheka nao huku roho inaniungua.

Nusura niupate mkia wa mke, kama wa mama. Nilichumbiwa miaka minane na Vygantas Dragūnas, fundi wa maboti. Nilishajifunza hadi sahihi: Zenona Dragūnienė. Nilijaza daftari zima.

Mwaka wa nane nikapoteza jino la pembeni. Niliwaambia watu nimeanguka kwenye ngazi. Miezi michache baadaye Vygantas akaniacha, akamuoa Liucija, muoka mikate, mgeni kabisa pale mjini.

Siku ya kwanza nakutana na Liucija sokoni, akanipa mkono. "Dragūnienė," akasema.

Basi tu. Alijitambulisha kistaarabu. Lakini mimi nilisikia kama amenitemea mate, na nikamchukia miaka tisa bila kupumzika.

Mwezi wa tatu mwaka juzi, Vygantas alilewa akaenda kuvua samaki ziwani barafu ikiwa imeshalainika. Ikamfungukia, akazama.

Mama yake, mama Bronė, ndiye aliyekuja karakana kuagiza jiwe. Liucija, mjane, alikuwa ametia sahihi tu, mengine yote akamwachia yeye. Akanipa karatasi. Huku jiwe la mume huchongwa na jina la mke aliye hai, mwaka wake wa kuzaliwa, halafu kistari. Nafasi yake imeshawekwa, akifa tunamalizia.

"Liucija naye unamuandika?" nikauliza.

Mama Bronė akasonya. "Nitafanyaje? Ndiyo desturi. Lakini yule si mke, mwanangu. Kamzalia nini Vygantas? Wewe ndiye ulikuwa mkwe wangu."

Jamani, kuna maneno mtu hapaswi kuambiwa akiwa ameshika patasi.

"Mama, nikimuandika mkwe wako wa kweli je?"

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka meno ya bandia yakamlegea, akayashikilia kwa kidole.

"Muandike," akasema. "Aione mbele za watu. Atafute pa kuficha uso."

Nilichonga siku tatu. Sijawahi kuchonga jiwe zuri kama lile. ZENONA DRAGŪNIENĖ, 1977, kistari. Kila herufi nilipoimaliza niliipuliza vumbi na kuipapasa. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya.

Tukasubiri tarehe mbili Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, mji mzima unapokwenda makaburini na mishumaa. Nilitaka hadhira.

Saa tisa mchana watu walikuwa wamejaa. Mama Bronė akavuta kitambaa kilichofunika jiwe. Liucija alikuwa amesimama na mshumaa mkononi na maua ya krisanthemu kwapani.

Watu wakasoma. Mzee mmoja akavua kofia, akairudisha, hakujua afanye nini.

"Mkwe wangu huyo," mama Bronė akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Huyo ndiye atakayelala na mwanangu. Wewe rudi kwenu na tumbo lako kavu."

Nilimkodolea macho Liucija. Nilikuwa nasubiri machozi. Lia, nikasema moyoni, lia na mimi nione.

Hakulia. Alisoma jina langu mara mbili, kisha akavuta pumzi ndefu. Halafu akafungua skafu na kusogeza kola ya koti.

Mfupa wa bega ulikuwa umeungana vibaya, umetokeza chini ya ngozi.

"Hii ni ya Pasaka ya mwaka jana," akaniambia polepole. "Mbavu ni za mwaka wa kabla yake. Nilikuwa na mimba, dada Zenona. Mama hapa anajua ilitokaje. Ndiye aliyefua shuka."

Nikamgeukia mama Bronė. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Miaka tisa nimemuogopa akiwa hai," Liucija akaendelea. "Tangu azikwe sipati usingizi, nawaza nitalazwa naye humu milele na sina ubavu wa kukataa. Leo umenitoa. Mungu akubariki."

Akaniwekea mshumaa mkononi, na maua, na reki ya kusafishia kaburi.

"Kaburi limepata mwenyewe. Kazi njema, bibi Dragūnienė."

Akaondoka kwa kunyooka. Nilibaki nimesimama mbele za mji mzima, na ulimi wangu ukaenda wenyewe pale palipokuwa na jino.

Ngazi gani? Nyumba yetu haina ngazi.

Nilijua. Siku zote nilijua, nikajisahaulisha kwa ajili ya mkia wa jina.

Kesho yake nilitaka kulisaga lile jiwe. Manispaa wakanikatalia: haliguswi bila sahihi ya mwenye kaburi, na mwenye kaburi kwenye vitabu ni Liucija. Alishahama, amerudia jina lake la usichana, na nasikia analivaa kama nguo mpya. Nikamuandikia barua ya kumbembeleza. Akajibu kwa mstari mmoja: "Liache, limekukaa vizuri."

Sasa zahanati nesi akiita Girdvainytė, kuna mtu wa nyuma lazima adakie: "Muite kwa la mumewe!" Mwaka jana alikuja mgane mmoja wa Kipoland, mtu mpole, kunichumbia. Akapita makaburini kumuwashia mkewe mshumaa. Hakurudi tena.

Mama Bronė amepata kiharusi, amepooza nusu mwili. Hana mtu. Kila Jumamosi ananitumia ujumbe: "Mkwe, njoo." Na mimi naenda, maana mji mzima umesoma kuwa mimi ni mkwe wake. Namuogesha, kisha nampeleka na kiti chake cha magurudumu kupalilia kaburi la mwanawe.

Juzi nilimuuliza, "Mama, siku ile karakana, mbona hukuniambia?"

Akanijibu kwa mdomo ulioenda upande, "Nani angenitunza?"

Ndugu zangu, mchimba kisima huingia mwenyewe, hilo mnalijua. Mimi naongeza hili: kabla hujapigania kiti cha mwenzio, mtazame kwanza. Huenda ana hamu ya kuinuka kuliko wewe ya kukaa.

Mimi nimeshakaa. Nafasi yangu ipo kulia kwa Vygantas, imepigwa msasa, inang'aa, na baada ya 1977 kuna kistari.