Meno ya Kucheka na Meno ya Kula

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la zahanati hapa Karatu, namsubiri mama. Mbele yangu bibi mmoja wa Kimasai kutoka Endulen alimweleza nesi kwamba fizi zake zinatoa damu kila akisugua meno, kwa hiyo anaogopa kupiga mswaki. Nyama ya kuchoma amebaki kuitazama tu.

"Karibuni namwoza mjukuu wangu," alisema. "Ninywe mchuzi mbele ya wakwe?"

Nesi akamwomba aonyeshe anavyosugua. Bibi akachomoa kijiti kikavu kwenye shuka lake, akasugua meno ya mbele kwa nguvu kama anayekwangua sufuria.

"Bibi, hayo ni meno ya kucheka," nesi akasema. "Ya kula umemwachia nani?"

Benchi zima lilicheka, na bibi alitushinda sote. Nesi akamwelekeza atafune kijiti kibichi mpaka kilainike, asugue taratibu pembeni mwa fizi mpaka kwenye magego, asubuhi na kabla ya kulala, kisha asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu isipokoma, arudi.

Wengi wetu tukiona damu tunaacha mswaki, kama mtu anayeacha kufagia kwa sababu vumbi limetimka.

Juzi nilimkuta bibi mnadani. Mzee wake alikuwa anamkatia nyama laini, vipande vidogo vidogo. Bibi akaisukuma sahani.

"Hizo kula wewe. Mimi nipe mbavu."

Mzee akampa, akamtazama anavyotafuna, akaguna, "Huyo nesi amenitia hasara."