Viungio Vinane vya Kitanda

Baba alikuwa fundi wa mbao kijijini Malinya tangu nipate akili, na hakuwahi kuunga kitanda kwa chuma. Alitoboa tundu kwa patasi, akachonga ulimi wa kuingia humo, akaugonga mpaka ukakaa. "Mimi naunganga mbao na mbao," aliwaambia wateja, kwa majivuno yaliyonikera tangu utotoni.

Kisha kiharusi kikamwangusha, kikamwachia mkono mmoja wa kushoto. Miezi mitano alikaa kwenye kiti mlangoni pa karakana, akitazama patasi zikishika kutu. Haongei, hali. Niliogopa tutampoteza palepale kitini.

Mimi, mtu wa ofisini nisiyejua hata kupiga msumari, nikajiona nina akili. Nilimnunulia mjini viungio vya chuma vya vitanda vya kufunguliwa. Skrubu inaingia ubao huu, kigurudumu kinazama ubao ule, ukikizungusha kidogo kwa bisibisi vinakamatana. Hakuna kuchonga. "Hata mkono mmoja unatosha, Baba," nikamwambia. Laiti ningefunga mdomo wangu.

Fundi jirani alikata mbao na kutoboa mashimo. Kukaza viungio, vyote vinane, tukamwachia Baba. Nilishika mbao naye akapiga magoti. Bisibisi iliteleza, ikateleza tena, ikamchubua kidole. Jasho lilimtiririka puani na hakuwa na mkono wa kujipangusa. Mpaka mama alipotuita tule obusuma, ugali wa kwetu, hakuna kiungio kilichokuwa kimekazika.

Alipoingia kunawa, nilibaki nyuma nikavikaza vyote. Kazi ya dakika tatu.

Aliporudi alikisukuma kitanda kwa goti. Hakikutikisika.

"Nani alikaza hii?"

"Si ni wewe, Baba? Umesahau tu."

Aibu ilinishika kabla sijamaliza kusema. Baba aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya ubao, kisha akauweka wa kushoto kando yake.

"Mama," akaniita, maana nimebeba jina la mamake, "nionyeshe ni gani ilikaza."

Niliitazama mikono ile nikashindwa kunyoosha kidole.

Siku hizi kiti chake kiko nyuma ya nyumba, upande ambao karakana haionekani. Alikihamisha mwenyewe, akikiburuta kwa mkono wa kushoto, na hakutaka tumsaidie.